Matibabu ya kipindupindu ni bure. Kwa nini watu wa mitaa yetu hufika kambini wakiwa wamechelewa?

Mkazi wa Kigogo

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote. Mimi ni mjumbe wa kamati ya afya katika mtaa mmoja ulio kando ya bonde la Mto Msimbazi. Kwa kuwa masika yamekaribia, tumetakiwa kuandika mapendekezo ya namna mtaa utakavyojiandaa iwapo kipindupindu kitarudi. Nimekaa na karatasi hiyo siku tatu, na nimekwama katika swali moja linalonisumbua tangu mwaka 2015.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mlipuko ule ulianza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti, ukaenea katika mikoa mingi ya nchi, na kwa sababu yake sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba ziligeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi. Matibabu yalikuwa bure, na kambi ya kutibu wagonjwa wa kipindupindu ilikuwa imefunguliwa umbali usiozidi nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Hata hivyo, katika nyumba ya jirani yenye vyumba tisa vya kupangisha, fundi viatu aliyeanza kuharisha saa mbili usiku alifikishwa kambini saa nne ya asubuhi iliyofuata, akiwa hawezi kukaa wala kuitika, na adhuhuri haikumkuta hai. Usiku kucha mkewe alikuwa akimpa vidonge vya kuzuia kuharisha alivyovipata katika duka la dawa. Mwezi uleule, mtu ninayefanya naye kazi, mwenye gari na kadi ya bima, alipata dalili zilezile, akawa hospitalini kabla ya saa moja kupita, akatundikiwa dripu, na baada ya siku nne alirudi kazini akiwa mzima.

Siulizi kwa nini maskini huugua zaidi, kwa sababu hilo tunaliona kwa macho: visima vifupi vimechimbwa hatua chache kutoka chooni, maji ya dumu hayajulikani yalikotoka, na wapo wanaotapisha vyoo mvua kubwa inaponyesha kwa kuwa hawana fedha za kuita gari la maji taka. Ninachouliza ni hiki: huduma ikiwa haina malipo, tena ikiwa karibu, ni kitu gani kinachomzuia mtu kuitumia mapema? Wenzangu katika kamati wanataka tuandike kwamba elimu itolewe kwa wananchi, kisha tufunge kikao. Nafsi yangu haijaridhika na jibu hilo, na ningependa kusikia kutoka kwa waliokuwa ndani ya kambi, kwa upande wowote.

Mpenda Usafi

Ndugu mleta mada, nawaunga mkono wenzako wa kamati. Nimehudhuria mikutano ya mtaa kwa miaka mingi, na nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema kwamba kuharisha ni jambo la kawaida wakati wa maembe, wengine wakidai kwamba mtu akitundikiwa dripu ndipo anapokufa, na wengine wakimtafuta mganga kwanza kwa kuamini kwamba mgonjwa amerogwa. Mtu wa aina hiyo hata ukimjengea kambi mlangoni pake hataingia. Mwenzako wa ofisini aliwahi kwa sababu alijua dalili, na fundi viatu alichelewa kwa sababu hakuzijua. Tukianza kutafuta sababu nyingine, tutawaondolea watu wajibu wa kujali afya zao wenyewe.

Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, na katika mlipuko huo wa 2015 nilipangiwa zamu kambini kwa muda wa miezi kadhaa. Naomba nimjibu mleta mada kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lake ndilo tulilokuwa tukiwauliza wagonjwa waliopata nafuu pamoja na ndugu waliowaleta.

Nianze na jambo la kitabibu. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima maji hadi lita moja kwa saa, kwa hiyo saa kumi na nne za yule fundi zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mgonjwa anayerudishiwa maji na chumvi mwilini mapema hupona karibu kila mara, na pale huduma inapokwenda vizuri hafi hata mmoja katika mia. Mwenye hali mbaya asiyepata matibabu yoyote, nafasi yake ya kufa inaweza kufika nusu kwa nusu. Vidonge vya kuzuia kuharisha havimsaidii, kwa maana havirudishi maji yaliyopotea. Sijawahi kuona ugonjwa mwingine ambao saa chache hutofautisha hivyo kati ya mtu anayerudi nyumbani kwa miguu na mtu anayerudi katika jeneza.

Sasa, je, hawakujua? Ndugu Mpenda Usafi, wengi walijua. Magari ya matangazo yalipita mitaani kila siku, na watoto walikuwa wakiimba dalili zile kama wimbo. Walichotueleza kambini kilikuwa tofauti. Usiku dereva wa bajaji akiona mtu anatapika huondoka, au hutaja nauli ambayo mpangaji hana hadi alipwe kibarua cha kesho. Mgonjwa akifikishwa, ndugu mmoja hubaki naye, na ndugu huyo ndiye angekwenda kutafuta chakula cha watoto. Baadaye wanakuja watu wenye mabuti na pampu, wananyunyizia klorini chumbani, chooni na uani mbele ya majirani wote, na kuanzia hapo chumba kile kinaitwa chumba cha kipindupindu. Nilimhudumia kijana mmoja ambaye alipotoka alikuta mwenye nyumba amemtolea vitu vyake nje. Mtu anayeyajua hayo husubiri kidogo, akitumaini kwamba ni tumbo la kawaida ambalo litatulia ifikapo asubuhi.

Lipo jambo jingine, na ni vigumu kwangu kuliandika. Tuliwapokea vibaya. Tulikuwa wachache, tumechoka, tunaogopa kuambukizwa, na mgonjwa alipofika tulimuuliza kwa sauti mbele ya wenzake amekula wapi na kwa nini anaishi katika uchafu. Mama mmoja nilimwambia kwamba angekuwa anachemsha maji mtoto wake asingeugua. Alinijibu kwa upole kwamba mkaa wa shilingi elfu moja huivisha chakula cha siku moja, na ukichemshia maji chakula hakiivi. Sikuwa na jibu la kumpa. Habari za namna tulivyowapokea ziliwafikia majirani zake kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kutoka, na sina shaka kwamba wapo waliobaki nyumbani kwa sababu ya maneno kama hayo yangu.

Mama wa Jikoni, Buguruni

Mama muuguzi, shikamoo. Nimesoma maneno yako hadi mwisho, nikaona na mimi niandike, ingawa jambo hili sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwaka 2015 nilikuwa mama ntilie, nikiuza wali na maharage karibu na stendi. Ilipokatazwa kuuza chakula barabarani nilielewa sababu yake, na sikubishana na mabwana afya, lakini hakuna aliyeniambia watoto wangu watatu wangekula nini katika muda huo. Nikahamishia sufuria ndani ya uwanja wa nyumba, nikawa nawauzia mafundi wa garaji waliokuwa wananifahamu. Katika siku hizo mdogo wangu wa kike, niliyekuwa naishi naye, akaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba nikimpeleka, watakuja nyumbani kunyunyizia dawa, sufuria zangu zitaonekana, na mkopo wa kikoba niliokuwa nao, uliobakiza marejesho ya wiki sita, sitaulipa. Nilimpa maji ya chumvi na sukari niliyochanganya kwa kukisia, nikamficha chumbani siku nzima na usiku wake.

Alipoanza kukakamaa miguu ndipo nilipombeba. Alipona, namshukuru Mungu, na sasa ana watoto wawili. Lakini nataka ndugu zangu wa kamati wafahamu kwamba mimi sikukosa elimu. Nilikuwa na hesabu mbili mbele yangu, ya mdogo wangu na ya watoto wangu, na nikazipiga vibaya. Mwenye mshahara akiugua, mshahara wake humsubiri. Jiko langu likizimwa siku kumi, mimi narudi kuanza na mtaji wa kukopa. Kama siku ile mtu angenihakikishia unga na maharage ya wiki mbili tu, ningempeleka mdogo wangu saa ileile.

Msomi wa Takwimu

Nawashukuru waliotangulia, hasa dada wa Buguruni, kwa sababu ameeleza katika aya tatu jambo ambalo watu wa fani yangu hulizungukia kwa majedwali mengi.

Naomba niongeze historia kidogo. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, huduma katika vituo vya serikali zilitolewa bila malipo, na mwaka 1977 hospitali za binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Zikaruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia 1993 uchangiaji wa gharama uliingizwa kwa awamu katika hospitali za serikali. Magonjwa ya mlipuko yalisamehewa malipo, pamoja na watoto chini ya miaka mitano na wajawazito. Kwa hiyo katika karatasi, kipindupindu kimekuwa bure wakati wote. Lakini mtu aliyezoea kwa miaka ishirini kudaiwa fedha ya kufungua faili, ya kipimo na ya dawa haamini neno "bure" kwa sababu tu limetangazwa katika kipaza sauti wiki hii. Mazoea ya kusubiri hadi ugonjwa uwe mkubwa ili fedha isitumike ovyo hujengeka katika homa ndogondogo za kila mwaka, na mlipuko unapokuja huwakuta watu nayo.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika kwamba huduma nzuri za tiba huelekea kuwa chache zaidi pale ambapo mahitaji ni makubwa zaidi, na kwamba hali hiyo huzidi pale soko linapoachiwa kuamua nani ahudumiwe. Aliyasema hayo akiwahudumia wachimba makaa na familia zao. Mtu anayepanda daladala kutoka Mbagala ya watu wa kipato kidogo hadi Masaki ya wenye nacho anaweza kuyaona hayo kwa kuhesabu mabango ya hospitali njiani.

Tukirudi 2015, mlipuko ule ulipofika Aprili 2016 ulikuwa umewapata watu zaidi ya 24,000 Bara na Zanzibar, na kuua zaidi ya 370. Hiyo ni kama mmoja na nusu katika kila mia, wakati mama muuguzi ametukumbusha kwamba huduma inayowahi hushusha vifo chini ya mmoja katika mia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo katika karatasi. Katika wagonjwa 24,000, ni zaidi ya watu mia moja ambao wangeweza kuishi, na hao ni wale tu waliofika mahali pa kuhesabiwa.

Ndugu Mpenda Usafi, kuhusu elimu naomba nikupe mfano wa mbali. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 katika mji wa Hamburg, Ujerumani, ambao ulikuwa ukitumia maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona, uliopakana nao kiasi kwamba mpaka ulipita katikati ya mitaa, ulichota maji ya mto huohuo, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulipita, lakini uliyachuja kwa mchanga, na ukaepuka balaa kwa kiasi kikubwa. Watu wa upande mmoja wa barabara hawakuwa na elimu kuliko wale wa upande wa pili. Walikuwa na chujio.

Jambo la mwisho ni kwamba ukosefu wa usawa huathiri hata hesabu zetu. Homa ya dengi ilipolipuka hapa jijini mwaka 2014 na tena 2019, mwenye bima alipimwa, akajua anachoumwa, na akaepuka dawa kama aspirini ambazo huongeza hatari ya kutokwa damu. Asiye na bima alinunua dawa ya malaria na ya maumivu akalala nyumbani. Wa kwanza akaingia katika takwimu, wa pili hakuingia, na anayesoma takwimu hizo bila tahadhari anaweza kudhani kwamba ugonjwa uliwafuata wenye nacho.

Mpenda Usafi

Nimesoma yote na nimeyapokea. Dada wa Buguruni, pole sana, na nisamehe kama maneno yangu ya mwanzo yalikugusa vibaya. Bado nina shaka moja ninayoomba nijibiwe kwa uwazi. Tukisema kwamba kila mwenye biashara ya chakula apewe unga na maharage, tutawapa wangapi, na kwa fedha ipi? Mtaa hauna mfuko huo. Na mimi bado naamini kwamba wapo wanaochelewa kwa imani potofu, hata kama si wengi kama nilivyodhani.

Msomi wa Takwimu

Shaka yako ni ya haki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaweza kuondoa malipo ya dirishani iwapo itawafikia watu wa kipato cha kibarua, lakini bima hailipi siku ya kazi iliyopotea wala nauli ya usiku. Hilo lazima lipangwe mahali pengine. Mtaa unaweza kuanza na familia chache zilizogunduliwa na ugonjwa, si na kila mwenye sufuria, na familia hizo katika mtaa mmoja mara nyingi huhesabika kwa vidole.

Mfano wa karibu unaoonyesha kwamba mpangilio wa huduma hubadili matumizi yake ni chanjo ya Uviko-19. Ilipozinduliwa Julai 2021, sehemu ya usajili ilifanyika kwa mtandao na watu walitakiwa kwenda vituoni, na waliojitokeza walikuwa wachache. Baadaye wahudumu walipoipeleka sokoni, vijiweni na nyumba kwa nyumba, idadi ya waliochanjwa ilipanda sana. Watu walikuwa walewale, na nadhani imani zao zilikuwa karibu zilezile.

Naomba pia kamati isisahau wagonjwa wengine. Wakati wa Ebola huko Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya 2014 na 2016, watu waliogopa vituo vya afya na baadhi ya huduma zikasimama. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kwamba vifo vya ziada vya malaria, kifua kikuu na Ukimwi huenda vilikaribia vile vya Ebola yenyewe, ambavyo vilizidi 11,000. Zahanati ya mtaa ikigeuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa mlipuko, mjamzito mwenye fedha atahamia kliniki ya binafsi, na asiye nazo ataacha kuhudhuria.

Mkazi wa Kigogo

Ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Baada ya kusoma maelezo ya mama muuguzi na ya dada wa Buguruni, jana jioni nilikwenda kumwona mjane wa yule fundi, ambaye bado anaishi mtaa wa pili. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana, na sikuwahi kumuuliza kuhusu usiku ule. Aliniambia kwamba walijua kambi iko wapi na walijua ni bure. Walikuwa na watoto wanne, mdogo akiwa ananyonya, na majirani wa vyumba vingine walikuwa wamefunga milango waliposikia kutapika. Mumewe hakuweza kutembea peke yake, na yeye hakuwa na mtu wa kumwachia watoto, kwa hiyo walikubaliana wasubiri hadi dada yake afike asubuhi kutoka Gongo la Mboto.

Mimi nilikuwa nimelala umbali wa ukuta mmoja.

Nimeandika upya karatasi ya kamati. Nimependekeza kwamba madereva wawili wa bajaji waandaliwe na walipwe na mtaa kwa safari za usiku, wakiwa na ndoo, glavu na klorini. Kwamba pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha, ziwekwe katika nyumba nne zinazojulikana na zilizo wazi usiku. Kwamba familia yenye mgonjwa ipewe chakula cha siku kumi kutokana na mchango wa misikiti, makanisa na wafanyabiashara wa mtaa. Na kwamba mwenyekiti azungumze mapema na wenye nyumba ili asifukuzwe mpangaji kwa sababu ya kuugua. Mama muuguzi, naomba unisaidie: katika hizo nyumba nne, wenye nyumba wafundishwe nini hasa?

Muuguzi Mstaafu

Wafundishwe mambo machache na wayarudie hadi yazoeleke. Pakiti moja ya ORS ichanganywe na lita moja ya maji safi na salama, ipimwe kwa chupa inayojulikana ujazo wake na si kwa kukisia, na ikipita saa ishirini na nne imwagwe na ichanganywe nyingine. Mgonjwa anywe kidogo kidogo mfululizo hata kama anatapika, akitapika apumzishwe dakika kumi kisha aendelee. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kunywa ORS kusiwe sababu ya kubaki nyumbani, aendelee kunywa akiwa ndani ya bajaji.

Na katika kila nyumba kati ya hizo nne, ibandikwe ukutani namba ya dereva wa zamu pamoja na jina la mama mmoja wa jirani aliyekubali kuamshwa usiku ili akae na watoto. Mtafuteni huyo kwanza, kabla ya pakiti na kabla ya bajaji. Kama mtaa wenu unakubali mtu wa nje, mimi nipo Mburahati na usingizi wangu ni mwepesi.